Namsindikiza mama Leeds kulea mjukuu: makumbusho na bustani zipi Uingereza za kwenda bila kufilisika?

Mwl wa Mafinga

Kamwene wanajamvi, na wa Mbeya huko mugonile. Dada yangu anaishi Leeds Uingereza, kajifungua mtoto wa kwanza mwezi wa tatu, mama akasema liwalo na liwe lazima akamwogeshe mjukuu wake. Sasa mama hajawahi kupanda ndege na magoti yanamsumbua ndo ikaamuliwa mimi kitinda mimba nimsindikize. Viza zimetoka tunaondoka mwisho wa mwezi wa tano, yeye atabaki, mi narudi baada ya wiki tatu kabla likizo ya mwezi wa sita haijaisha.

Mi ni mwalimu wa historia, mwaka wa kumi na moja huu nafundisha watoto habari za Olduvai na Kilwa na kila nikisoma naambiwa vitu vyenyewe viko London, sasa nataka nikavione kwa macho yangu. Mama yeye hana habari na London. Mama ni mtu wa maua, wanaopita pale kwetu Mafinga wanajua, watu wanasimamisha bodaboda kuangalia ua wake, na aliwahi kuona kwenye tivii yale majumba ya malodi na bustani zake tangu siku hiyo anaongea hayo tu. Dada na shemeji wanafanya kazi kwa shifti kwa hiyo kuzunguka tutazunguka wenyewe wawili.

Hela ya matembezi nimetenga pauni 250 kwa watu wawili, nauli za humo ndani zikiwemo. Najua ni kidogo. Naomba aliyewahi kuishi au kufika huko aniambie ukweli, nini cha kwenda na nini cha kuacha. Na je mtu mwenye magoti mabovu ataweza?

Mnyalu Mstaafu

Kamwene mwalimu. Hongereni kwa kupata mjukuu. Mi nilisoma Leeds miaka miwili nikitokea Iringa mjini, na mwaka wa kwanza wote sikuingia makumbusho hata moja kwa sababu nilidhani ni vya kulipia, kumbe nilikuwa napita mlangoni kila siku naogopa bure. Kwa hiyo sikia, hili likae kichwani kwanza: makumbusho makubwa ya taifa kule kiingilio ni BURE tangu mwisho wa mwaka 2001. Tajiri, maskini, raia, mgeni, wote bure. Wanachotoza ni yale maonyesho maalumu ya muda, unaona yameandikwa tikiti, hayo unayapita unaendelea na safari yako. Mlangoni utakuta sanduku la mchango, hakuna anayekukodolea macho usipoweka.

Kinachokula hela ni vitu viwili, majumba ya malodi na nauli. Jumba moja lenye bustani mtu mzima mmoja analipa kuanzia pauni 15 mpaka kwenye 30 huko, zidisha kwa wawili zidisha kwa shilingi yetu utashika kichwa. Kwa iyo usije ukajiambia utatembelea majumba matano. Chagua moja, mpeleke mama kutwa nzima, wale chakula walichobeba, wakae kwenye benchi, basi.

Na hilo moja mi nakwambia liwe Harewood. Kwa nini. Kwanza liko jirani, basi namba 36 la kutoka Leeds kwenda Harrogate linawashusha getini pale, ila kutoka getini mpaka kwenye nyumba ni mwendo kidogo kwa mtu wa magoti, nendeni polepole. Uliza pia kama bado wanapunguza kiingilio kwa mtu aliyekuja na basi, enzi zangu walikuwa wanapunguza kwa hiyo tunza tikiti ya basi usiitupe. Pili mwisho wa mwezi wa tano kuingia wa sita ndo muda wa yale maua ya vichaka vikubwa wanayaita rododendroni, mama ataona kichaka kirefu kuliko nyumba ya bati kimejaa maua pinki hakuna jani linaloonekana.

Tatu, na hii ni yako wewe mwalimu. Nyumba ile ilijengwa kati ya 1759 na 1771 na ukoo wa Lascelles, na hela yao ilitoka kwenye sukari ya Barbados na visiwa vingine vya kule, yani mashamba ya watumwa. Mi nilipoingia sikujua. Nikawa nashangaa dari zilivyochorwa, viti vya fundi maarufu Chippendale, vitanda vya kifalme, nikasema hawa watu waliishi! Halafu nikasoma maelezo ukutani nikakaa chini. Siku hizi wenyewe hawafichi, wanaeleza kabisa. Na mwaka 2023 walitundika picha ya mwigizaji anaitwa David Harewood, ambaye mababu zake walikuwa watumwa kwenye shamba la ukoo huohuo, ndo maana hata jina lake ni lilelile la nyumba. Mjukuu wa watumwa katundikwa ukutani na wenye nyumba. Wewe unafundisha biashara ya utumwa kidato cha pili kila mwaka, nenda ukasimame pale dakika tano uone kama utaifundisha vilevile.

Leeds yenyewe mjini bure kuna Royal Armouries, silaha tupu, wana mpaka deraya, yani vazi la chuma, ya tembo wa vita kutoka India, na kuna makumbusho ya jiji ambayo yana maiti ya Kimisri iliyokaushwa, na jumba la sanaa pembeni yake. Hizo unaingia hata mvua ikinyesha unajibanza humo. Itanyesha.

Tazara Damu

Mwalimu usirudi bila kufika York. Kutoka Leeds kwa treni ni kama nusu saa tu, na kuna National Railway Museum, bure pia. Mi nimezaliwa Mbeya baba alikuwa fundi karakana ya Tazara kwa iyo treni ni ndugu zangu. Pale ipo Mallard, ile ya mvuke iliyofika maili 126 kwa saa mwaka 1938, yani kilomita zaidi ya 200, mpaka leo hakuna ya mvuke iliyothibitishwa kuipita. Imepakwa bluu imepinda mbele kama samaki.

Ila iliyoniacha hoi mimi ni lichuma jeusi limesimama kama ghorofa, wameandika lilitengenezwa Uingereza 1935 kwa ajili ya reli za China, Wachina wakaja kulitoa zawadi lirudi kwao. Nikacheka peke yangu. Mwingereza kamtengenezea Mchina treni, Mchina kaja kutujengea sisi reli mpaka Kapiri Mposhi. Nikampigia mzee simu nikamwonyesha kwa video, akaniambia sogeza karibu niangalie magurudumu, tukamaliza bando lote hapo.

Tikiti ya treni kata mapema kwenye simu, ukikata siku ileile dirishani utajuta.

Mlambalasi

Mnanishangaza. Mtu anatoka Iringa anaenda kushangaa makumbusho ya Wazungu na pale Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa hajakanyaga. Vitu vyetu walibeba, leo tunapanda ndege kwenda kuviangalia tunasema ahsante kiingilio ni bure. Ingekuwa wewe umeibiwa ng'ombe halafu mwizi anakwambia karibu zizini umwone ng'ombe wako hutozwi, ungeshukuru?

Mwl wa Mafinga

Mlambalasi mzee wangu shikamoo, Kalenga napeleka wanafunzi kila mwaka, mwaka jana kidato cha tatu wote, na Isimila tukapita siku hiyohiyo na gari ikatuzimikia tulivyokuwa tunarudi. Hoja yako ya zizi nimeipenda nitaitumia darasani. Lakini si ndo vizuri nikamwone huyo ng'ombe nijue yuko hai?

Mnyalu Mstaafu

Hahaha mwalimu kajibu. Mzee Mlambalasi hasira yako ina haki lakini hapa kwetu tuna mfano wa kurudishiwa. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Mjerumani, liliandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Mjerumani alirudishe kupitia Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Twining ndo alikwenda Bremen akalikuta kwenye makumbusho ya kule, likafika Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Yani mkataba uliomaliza vita kuu ya dunia umeandika jina la mtu wa Iringa, na bado watu walizungushwa miaka yote hiyo. Sasa wale wa Benin Nigeria, waliobebewa sanamu zao za shaba, ndo wanaanza kusikilizwa.

Chai ya Tukuyu

Naomba nichangie na mimi, nimekaa London miaka minne kwa shangazi yangu, sasa nimerudi nyumbani Rungwe. Kuhusu vitu vyetu mwalimu nikupe picha kamili usije ukafika ukavunjika moyo.

British Museum ile kubwa ya London, iliyoanzishwa 1753, ndo ina yale mawe ya Olduvai. Jiwe la kukatia la karibu miaka milioni 1.8, ni miongoni mwa vitu vya zamani kabisa vilivyotengenezwa na mkono wa mtu walivyonavyo mle, na shoka la mkono pia, vilichimbuliwa kwenye msafara wa mtafiti Leakey wa 1931. Wana vigae vya vyungu vya Kilwa vilivyookotwa ufukweni pale Kilwa Kisiwani. Hata kanga zetu wanazo, bibi yangu angejua angecheka, kanga imewekwa kwenye makumbusho! Ila vitu huwa vinahamishwa na vingine viko stoo, kwa hiyo kabla hujaenda ingia kwenye tovuti yao tafuta kitu kwa jina, itakwambia kiko chumba namba ngapi au hakionyeshwi. Usipofanya hivyo utazunguka siku nzima, ile nyumba ni kubwa ukitoka kwa Wagiriki unajikuta kwa Wachina hujui umepitaje. Kwenye habari ya kurudisha, wao hujitetea na sheria yao ya bunge ya 1963 inayowabana wasitoe vitu ovyo. Mzee Mlambalasi najua utasema nini kuhusu sheria iliyotungwa na mwenye zizi.

Ya kwetu huku kusini iko zaidi Natural History Museum, mtaa wa South Kensington, bure pia, ukiingia tu juu yako linaning'inia gofu la mifupa ya nyangumi la mita 25. Mle ndo kuna mifupa ya Nyasasaurus, mnyama aliyechimbwa bonde la mto Ruhuhu huku upande wa ziwa Nyasa miaka ya 1930, akakaa kwenye makabati miaka na miaka, jina rasmi kaja kupewa 2013, na wataalamu wanasema huenda ndo dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana au ndugu yao wa karibu sana, miaka milioni 240 na zaidi. Usitegemee kuiona, ni vipande vichache vya kiutafiti vimefungiwa. Lakini kusimama tu kwenye jengo ukijua yumo! Na watu wa Mbozi sikieni, kile kimondo chetu kilikatwa kipande cha sentimita 10 mwaka 1930 kwa msumeno wa mkono, kazi ya masaa 10, kikapelekwa British Museum, na mkusanyo wao wa vimondo ndo uko Natural History Museum hiyo.

Sasa kuna moja watu wengi hawaijui na ndo kipenzi changu. Horniman, kusini ya London, mtaa wa Forest Hill. Aliyeianzisha alikuwa mfanyabiashara wa CHAI. Mi nimekulia kwenye chai, mama yangu kachuma chai maisha yake yote, mgongo wake naujua, nikasema ngoja nikaone hela ya chai ilienda wapi. Nikakuta ala za muziki mamia, wanyama waliojazwa pamba, na katikati kuna mnyama wa baharini wa barafuni, anafanana na kiboko mwenye pembe za mdomoni, kajazwa mpaka kavimba kama puto kwa sababu waliomjaza hawakuwahi kumwona mzima wakadhani ngozi yake haitakiwi kuwa na mikunjo. Nilicheka mpaka mlinzi akacheka na yeye. Nje kuna bustani bure, na mlima unaoona London yote. Na hawa ndo waliokubali mwaka 2022 kuirudishia Nigeria umiliki wa vitu 72 vya Benin, hawabanwi na ile sheria.

Kwa hela yako London nenda siku moja tu, mbili zikizidi, na nenda na basi kutoka Leeds, kama masaa manne mpaka matano hivi, kwa mtu aliyezoea basi la Mafinga mpaka Dar ni nini hicho. Treni ni masaa mawili na kidogo ila bei ukikata kwa kuchelewa utalia. Usibebe begi kubwa, wanakagua na mengine hawaruhusu kabisa. Mama mwache Leeds na mjukuu.

Mwl wa Mafinga

Dada wa Tukuyu umeniua, hiyo ya Ruhuhu sikuijua na naishi huku! Nimemsomea mama akauliza "na maua je, mbona hamjasema maua".

Mkinga wa Makete

Mama ana haki, mmejaza mifupa. Mi nimewahi kwenda kikazi nikapata Jumapili moja huru nikaenda bustani ya mimea ya Kew. Hiyo ni London nayo ni ya kulipia. Ile nyumba ya vioo ya mitende ni ya 1848, unaingia jasho linakutoka kama uko Kyela, huku nje watu wamevaa makoti. Hapo ndo wametunza sampuli za mimea iliyokaushwa zaidi ya milioni 7, na kile kitabu kikubwa cha mimea yote ya Afrika Mashariki kilikuwa kinaandikwa hapo na wenzao wa huku, wakakimaliza 2012 baada ya miaka 60 na ushee, mimea zaidi ya elfu 12. Milima yetu imo humo jani kwa jani.

Lakini nikwambie kilichonichekesha. Kwenye bustani za Wazungu, siyo Kew tu hata za watu mbele ya nyumba zao, utaona yale maua yanayosimama kama mwenge wa moto, mekundu juu manjano chini. Wanayapalilia, wanayapa mbolea, wanayafunika baridi ikija. Ndugu zake Kitulo kwetu yanajiotea tu na ng'ombe walikuwa wanapita juu yake! Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, okidi aina 45, watu wanatoka mbali wanalipa dola kuja kupiga picha, sisi wenyewe hatupandi. Kilichotufanya tuijue okidi ni viazi vyake, tulikuwa tunachimba tunauza Zambia wanatengenezea chakula chao cha chikanda, na bado wapo wanaochimba kwa kuiba. Mi mwenyewe utotoni nimechimba nisijifanye mtakatifu.

Kwa hiyo mama akitoka huko mpeleke Kitulo mwezi wa kwanza au wa pili atapatia pa kulinganisha. Kwa huko Leeds, badala ya kumpeleka London kuna bustani inaitwa Harlow Carr pale Harrogate, basi lilelile namba 36 linawafikisha Harrogate mjini, toka hapo bado kuna mwendo mpaka bustanini, ya kulipia lakini ni bustani tupu hakuna nyumba ya kupanda ngazi, njia zimetengenezwa na viti vimejaa. Mi nikilinganisha na Harewood kwa mtu wa magoti ningeenda hiyo. Baridi msiogope, ya mwezi wa tano ya kule ukishakaa Makete mwezi wa saba unaiona ya kitoto.

Mnyalu Mstaafu

Mkinga kasema vizuri kuhusu ngazi, mi nilikuwa kijana sikuliwaza. Ila Harewood bado nakaza. Nyumba nyingi kama hizo na makumbusho makubwa wanaazima viti vya magurudumu bure, ukipiga simu siku moja kabla wanakuwekea. Mama akikataa kukaa kwenye kiti mwambie ni kiti cha kifalme.

Halafu mtakutana na watu wanawashawishi mjiunge uanachama wa National Trust. Ni shirika la tangu 1895 lina majumba na bustani nchi nzima, ukiwa mwanachama unaingia kote, mkienda sehemu nne tano inalipa. Lakini Harewood haimo, Kew haimo, Harlow Carr haimo, kwa safari yenu itakuwa hasara.

Mwl wa Mafinga

Wakuu nimepata. Tumekaa kikao jana na dada kwa simu. Bure zote za Leeds, York siku moja na mama ataenda kwa sababu kasikia ni karibu na anataka kuona lile treni la Kichina. London naenda peke yangu na basi, asubuhi Natural History, mchana British Museum, Horniman nikiwahi na kama sikuwahi basi. Ya kulipia mbili, Harlow Carr na Harewood, mama kagoma kuchagua kasema "zote mbili, hela ya kuku wangu ipo". Kauza kuku kumi na nne bila kuniambia.

Swali la mwisho na naona aibu kuuliza. Mama anauliza kama anaweza kuchukua vijitawi au mbegu kidogo tu aje apande Mafinga.

Chai ya Tukuyu

Nilikuwa nalisubiri hilo swali! Mama yangu alivyokuja kututembelea tulimkamata na kijitawi kwenye mtandio. Mwalimu, kukata kwenye bustani za watu ni kosa, na hata mkinunua pale dukani kwao, mmea au mbegu kuingia Tanzania vinataka cheti cha afya ya mimea cha kule na kibali cha huku, bila hivyo uwanja wa ndege wanachukua na mnaweza kupata usumbufu. Ni kwa ajili ya wadudu na magonjwa. Anunue apande kwa dada yako Leeds, mjukuu akue anavikuta.

Mwl wa Mafinga

Nimemsomea neno kwa neno. Kanyamaza kidogo halafu kasema sawa, ataangalia tu kwa macho. Saivi niko naye hapa Mafinga sokoni tunatafuta koti, na kila koti analoshika anaanza kwa kukagua mifuko ya ndani iko mingapi.